Siku 90, fomu mbili na mama mwenye nyumba: uzoefu wangu wa kuripoti anwani Thailand

Karatasi yenyewe ni kipande tu. Inabanwa kwa pini ya stepla ndani ya pasipoti, ina jina lako, muhuri, na tarehe ya kuripoti tena. Huu ni mwaka wangu wa tatu nafundisha shule moja kaskazini mashariki mwa Thailand, na ule ukurasa umeshatobolewa pini mpaka umekuwa kama chujio la chai. Kwa hiyo hapa nasimulia niliyoyapitia, siyo niliyoyasikia.

Kwa asiyejua habari hii: Sheria ya Uhamiaji ya Thailand ya mwaka 1979 (wenyewe wanaiita ya 2522, kalenda yao iko mbele miaka 543) inamtaka mgeni anayekaa nchini mfululizo kupita siku 90 aiarifu uhamiaji anaishi wapi, kisha arudie kila siku 90 zinapotimia. Uwe na viza ya kazi, ya masomo, ya ndoa au ya kustaafu, ni hivyo hivyo. Wenye viza ya LTR, ile ya watu wenye uwezo wao iliyoanza mwaka 2022, wanaripoti mara moja kwa mwaka. Sisi walimu tunaendelea kuhesabu vidole.

Fomu ni TM47, na huduma ni bure. Nasisitiza bure, kwa sababu mara yangu ya kwanza nilimpa wakala pesa anifanyie, na alichofanya ni kujaza mistari kumi ambayo ningeijaza mwenyewe nikisubiri namba yangu iitwe. Sikulipa tena.

Jambo la pili la kulishika mapema: kuripoti siku 90 hakuongezi muda wako wa kukaa hata kwa siku moja. Ni mambo mawili tofauti, yana tarehe mbili tofauti, na kuyachanganya ndiko kulikonitia hasara.

Ilikuwa hivi. Mwaka wa kwanza nilipoomba kuongezewa muda wa kukaa, ombi lile lilihesabiwa kama ripoti, nikaanza hesabu upya kuanzia siku ile. Safi. Mwaka wa pili nikaenda tena kuongeza muda, nikalipa baht 1,900 zangu, nikatoka nikipiga mluzi. Nikajiambia siku zimeanza upya kama mwaka jana. Kumbe ni ombi la kwanza tu ndilo linalohesabiwa hivyo. La pili na yanayofuata hayagusi tarehe iliyoandikwa kwenye kile kipande cha karatasi.

Aliyenishtua ni dada mmoja Mkenya tunayefundisha naye. Tulikuwa chumba cha walimu, akachukua pasipoti yangu kutazama picha anicheke, akakuta kipande.

"Kaka, hii tarehe imepita."

"Haijapita, niliongeza muda juzi."

"Kuongeza muda ni kwingine. Hii imepita wiki tatu."

Kesho yake nikaomba ruhusa, nikaenda. Afisa hakugomba, hakuuliza maswali. Alivuta kalenda ya mezani, akahesabu kwa ncha ya kalamu, halafu akabonyeza kikokotoo na kunigeuzia: 2,000. Hiyo ndiyo faini ya anayejipeleka mwenyewe akiwa amechelewa. Sheria inaruhusu mpaka baht 5,000, na nyongeza ya hadi baht 200 kwa kila siku mpaka utimize wajibu, kwa hiyo ukigundua umechelewa usijifiche nyumbani ukisubiri miujiza. Nenda asubuhi ile ile.

Ukienda mwenyewe ofisini unapokelewa kuanzia siku 15 kabla ya tarehe hadi siku 7 baada yake. Zile siku saba za baada mimi nazihesabu kama hazipo. Na ukitoka nje ya nchi ukarudi, hesabu inaanza moja tangu siku uliyoingia, hata kama ulivuka mto Mekong kwenda nchi jirani ya Laos kula chakula cha mchana tu. Wapo wageni wanaoutumia mpaka kama njia ya kukwepa foleni. Sawa, ila kumbuka kibali cha kuingia tena kabla hujavuka, baht 1,000 kwa safari moja, la sivyo muda wako wa kukaa unakufia mpakani na siku 90 zitakuwa ndiyo shida yako ndogo kuliko zote.

Sasa nije kwenye kiini, maana hayo yote unaweza kuyamudu kwa kuweka alama kwenye kalenda. Kinachowaangusha watu, mimi nikiwemo, si TM47. Ni fomu nyingine ambayo wala si yako.

Inaitwa TM30. Huyo anayekulaza, yaani mwenye nyumba, mwenye hoteli, hata mkwe wako, anatakiwa ndani ya saa 24 tangu ufike aiarifu uhamiaji kwamba kuna mgeni chini ya paa lake. Hoteli zinafanya hilo kimya kimya ukiwa bado unavua viatu. Mwenye nyumba wa kawaida mkoani huenda hajawahi hata kulisikia. Kwetu Tanzania mgeni akifika mtaani, mjumbe wa nyumba kumi atajua tu, hata asipoambiwa. Huku lazima iandikwe, na mwandishi ni mwenye nyumba, lakini wa kukwama ni wewe.

Nilihama nyumba katikati ya mwaka wa pili. Tarehe ilipokaribia nikaingia mtandaoni kama nilivyozoea, nikajaza anwani mpya, nikatuma. Siku mbili baadaye jibu: limekataliwa. Nikadhani nimekosea namba ya pasipoti, nikatuma tena. Likakataliwa tena. Ndipo nikaelewa kwamba mimi nasema naishi nyumba hii, na katika kumbukumbu zao hakuna mwenye nyumba aliyesema hivyo. Ripoti yangu ilikuwa imekalia kiti kisicho na miguu.

Nikamwendea mama mwenye nyumba. Ana miaka sitini na kitu, anauza tambi za mchuzi mbele ya nyumba yake. Kithai changu ni cha sokoni, ila nilijitahidi. Uso wake ulifunga ghafla. Ilinichukua jioni nzima kung'amua hofu yake: alidhani ni mambo ya kodi, kwamba akishaandika jina langu serikalini, wiki ijayo watakuja kuhesabu vyumba vyake. Sikumlaumu. Hata mimi mtu akinitajia ofisi ya serikali huanza kwa kujiuliza nimekosa nini.

Mwishowe binti yake alimpigia simu na kumweleza. Kesho yake tukapanda pikipiki yake wote wawili, yeye anaendesha, mimi nyuma nimekumbatia mfuko wa nailoni wenye kitabu cha bluu cha nyumba, wanachokiita tabien baan. Alikuwa amekivingirisha plastiki mara tatu kana kwamba ni pasipoti ya mtoto wake. Tulichukua kitabu hicho, kitambulisho chake, mkataba wa pango na fotokopi za kila kitu, kila fotokopi imesainiwa. Saini hizo usizisahau: fotokopi isiyo na saini huku ni karatasi tupu. Faini ya kuchelewa kwa TM30 kisheria ni ya mwenye nyumba, ila niliilipa mimi. Ningemwachaje mama wa watu alipe, na tambi alishanipa bure?

Tangu hapo mambo yametulia. Tangu mwaka 2020 kanuni ililegezwa kidogo: ukisafiri na kurudi kwenye anwani ile ile wakati kibali chako cha kukaa bado kipo hai, mwenye nyumba halazimiki kuripoti upya kila mara. Kabla ya hapo wageni walikuwa wakitoka wikendi kidogo tu wanarudi na kazi ya fomu.

Njia zenyewe za kuripoti, kwa ufupi. Mtandaoni ndiyo naipenda, dakika kumi umemaliza ukiwa umevaa kaptura, na stakabadhi unaichapa mwenyewe ukaiweka ndani ya pasipoti. Ila mara ya kwanza lazima uende mwenyewe, na ukibadilisha pasipoti vilevile. Tuma mapema, siku 15 zinapoanza tu, ili ukikataliwa uwe bado na muda wa kwenda kwa miguu. Posta ipo pia: fomu, fotokopi za pasipoti, na bahasha yenye anwani yako na stempu, kwa rejista. Nilijaribu mara moja. Ilifika salama, lakini wiki zile za kusubiri bahasha nililala vibaya, na hilo kwangu linatosha kuiacha.

Ofisini kwenyewe nenda kabla hawajafungua mlango na uvae heshima, siyo kandambili. Kipande cha zamani kinang'olewa, kipya kinapigwa pini, namba yangu ikishaitwa shughuli yenyewe haizidi dakika tano.

Nikipewa nyota tano nigawe, TM47 naipa nne. Bure, fupi, tarehe ya mbele umeandikiwa mkononi. TM30 naipa mbili, kwa sababu kumfunga mgeni kwa karatasi ya mtu mwingine ni kumwombea ugomvi na mwenye nyumba wake. Ukitafuta nyumba huku, kabla hujauliza maji na umeme, uliza kama atakuandikia TM30. Akikunja uso, endelea kutafuta.

Tarehe yangu ijayo ni 14 Aprili, katikati kabisa ya Songkran, sikukuu ya mwaka mpya wa Kithai, wakati ofisi zimefungwa na nchi nzima inamwagiana maji. Naruhusiwa kuanzia 30 Machi. Mama mwenye nyumba ameshaizungushia duara jekundu kwenye kalenda yake, ile iliyoning'inia juu ya sufuria la mchuzi, na juzi nilipokwenda kula aliinyooshea mwiko kabla hata hajanisalimia.