Friji ya gari: yenye kompresa au isiyo nayo?

Kwa gari ya kulala safarini, tuseme hapa Unguja, kutoka Mjini hadi Nungwi kisha Makunduchi, mimi nachagua yenye kompresa, yaani pampu ya gesi ya kupoza kama ya friji ya nyumbani, bila kusita. Isiyo na kompresa, ile inayopoza kwa kibamba cha umeme, ni nyepesi na bei yake nafuu, lakini hushusha joto nyuzi 20 hivi tu chini ya lile la nje. Msimu wa kaskazi, nje nyuzi 33, ndani utabaki na 13: soda itapoa, samaki kama changu wataharibika. Tena hunyonya betri mfululizo. Ya kompresa hugandisha kabisa, na ikishafika baridi uliyoiweka hupumzika.

Ila ya kompresa inataka umeme ulionyooka. Ikizimika ovyo, usiseme imekufa. Mara nyingi waya ni mwembamba, volti zinapungua njiani, na friji inajizima kuilinda betri. Vuta waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, fyuzi ikae karibu na betri. Sugua na vichwa vya betri, maana chumvi ya bahari huku hula chuma upesi. Matundu ya hewa yaache wazi. Nimeona friji nzima kabisa ikishindwa kupoza kwa sababu imebanwa na magodoro.