Lecanemab au donanemab, ipi afadhali?
Jamani, hizi dawa mbili za Alzheimer (ugonjwa wa ubongo unaoleta usahaulifu) haziponyi, zote zinasafisha amiloidi (protini inayorundikana) kwenye ubongo na kupunguza kasi ya ugonjwa tu, tena kwa wale ambao ugonjwa ndo unaanza. Lecanemab huanza kwa dripu kila wiki 2, donanemab kila wiki 4 na amiloidi ikiisha unaweza kuacha, ndo maana bei ya Marekani inachanganya, lecanemab ilitoka kwa dola 26,500 kwa mwaka na donanemab 32,000, ila ukiacha mapema hesabu inageuka. Kinachonitia hofu ni ubongo kuvimba, kwenye majaribio donanemab kama 24%, lecanemab karibu 13%, na mwenye nakala mbili za APOE4 (jeni inayoongeza uwezekano wa kupata Alzheimer) hatari inazidi, kwa hiyo mtu apime jeni kwanza. Mzee anayekaa mbali na hospitali, donanemab inampunguzia safari, ila mwenye APOE4 mi ningeulizia lecanemab kwanza.