Garaji ya muzee wa Ndosho, hapa Goma, volanti (usukani) ya bashe (pikapu) 404 yangu (nyota 4, moja nimekata na mutaona juu ya nini)

Naanza na bei juu najua ndiyo wote munatafuta: dola 70, kazi pamoja na vipande, siku tisa. Siku tisa kwa volanti tu, ndiyo, hata bibi yangu alikuwa anauliza kama nimehamia kule.

Gari ni Peugeot 404 bashe, papa aliniachia, ya 1974, vitesi (gia) iko kwa volanti pale pale kama kawaida ya 404, na ndiyo ilibeba vitu ya nyumba yetu mu januari 2002 wakati volkano ya Nyiragongo ilishuka mpaka mu mji, kwa hiyo musiniambie niuze ninunue Probox. Inafanya kazi mpaka leo, nabeba viazi na makabichi kutoka upande wa Sake, na wenye wanajua barabara zetu wanajua yale mawe ya volkano yanakula nini mu gari.

Sasa volanti ilianza kucheza. Kwanza kidogo, kiisha ikawa unazungusha karibu robo nzima na matairi hayajasikia kitu, na ukiishika unaweza kuipandisha juu na kuishusha chini kama muti wenye mizizi imeoza. Tena vitesi ya pili inakataa, mpaka uibembeleze. Nikaenda garaji moja ya mu mji (jina naacha), yule fundi hakuangalia hata dakika mbili, akasema kremayere (kile chuma cha meno cha chini chenye kugeuza matairi) imekufa, lete pesa. Nikatoa dola 120 ya kremayere ya okazio (iliyotumika). Akafunga. Nikatoka pale volanti inacheza vile vile! Nikarudi, akasema basi ni ule mupira wa chini, ngoja niusude (niuchomelee). Kusude mupira, ndugu zangu. Alitaka kuweka vyuma viwili pembeni na kusude juu kwa juu ili isicheze tena, nikamunyanganya kontakti (ufunguo) yangu nikaenda.

Mudogo wangu mwenye anaendesha taksi ndiyo alinionyesha kwa muzee wa Ndosho. Hakuna kibao, ni mabati tu na mango moja, ukifika mvua inanyesha unalowa na gari yako inalowa. Nikamusalimia, muzee jambo, nikaanza kumuelezea historia yote, akaninyamazisha kwa mukono. Akasema zima moteri. Akamuita kijana wake mudogo akae ndani azungushe volanti kushoto kulia pole pole, kidogo kidogo tu, yeye akalala chini na mukono juu ya kile kipande cha mupira kinachounga muti wa volanti na kremayere, wenyewe wanaita flektori. Akaniita na mimi nilale. Nikalala mu vumbi na shati ya kanisa (ilikuwa siku ya kwanza, nilikuwa natoka misa). Akashika mukono yangu akaweka pale, na kweli unasikia, upande wa juu unatembea na upande wa chini bado unalala. Akasema: «Kremayere yako haina kosa, papa, inangojea tu kuambiwa.» Pale nikakumbuka dola 120 na nikataka kulia.

Alikuta vitu tatu. Mupira wa flektori umepasuka na matundu ya buloni (bolti) yamekuwa mapana. Ile bage (pete inayoshika muti) ya juu kabisa, pale muti unatoka kwa volanti, imekulwa, ndiyo maana ilikuwa inapanda na kushuka. Na bomba yenyewe ya kolone (ile muti wa volanti unapita ndani), zile buloni zinaishika chini ya dashibodi zimelegea, na juu levye (mukono) ya vitesi imefungwa kwa ile bomba, kila ukiivuta bomba nayo inakufuata. Vitesi ya pili haikuwa na ugonjwa wowote!

Bage akapeleka kwa mutu mwenye mashine ya kuchonga chuma, wakatengeneza ya bronzi, siku mbili. Flektori ndiyo ilikawia. Nilimwambia akate mupira wa tairi ya kamyo kama wengine wanafanya, akanikatalia, akasema mupira wa tairi utashika mwezi moja, na siku utaachia utakuwa kwenye kona na viazi nyuma. Akatuma mu Bukavu, ikaja na mashua siku ya sita, mupya, ndani ya karatasi. Buloni za zamani hakurudisha, aliweka mupya na ekru (nati) zake.

Kitu nilipenda sana ni vile alitoa volanti. Yule wa kwanza alipiga nyundo, mpaka leo nyuzi za muti kule juu zinaonyesha. Muzee alipaka kwanza alama ya rangi nyeupe kwa muti na kwa volanti, akavuta na arashi (chombo cha kuvutia) polepole, hakuna nyundo. Alipofunga, volanti ikakaa sawa sawa mara ya kwanza, matairi yanaangalia mbele na volanti iko wima.

Mabaya sasa. Muzee anaongea. Ukiwa na haraka usiende, juu 404 ni gari ya moyo wake, alinieleza Safari Rally ya Kenya, 404 ilishinda 1963, ikarudi ikashinda 1966, 67 na 68 mufululizo, na kila mwaka akiutaja anaweka kle (spana) chini. Faktire (risiti) hakuna, hesabu aliandika kwa karato ya sigara. Na simu hashiki, lazima uende mwenyewe.

Na nyota yenye nimekata ni juu ya honi. Waya ya honi inapita mule mule mu kolone na yule kijana aliirudisha mahali haistahili. Sasa volanti haichezi hata kidogo, unaigusa na gari inakata, lakini kila nikikata kulia honi inalia yenyewe. Nimerudi mara mbili, muzee anasema nilete kesho, kesho yake anaanza na 1966. Watu wa chukudu (zile baiskeli za mbao za kubeba mizigo) pale Rond-point wanageuka wote kuniangalia nikizunguka, mumoja ameanza kunisalimia.