TAHADHARI: Muuzaji wa maonyesho ya bunduki anayechanganya risasi za shotigani na kusema "12 ni 12"

Ndugu zangu mnaowinda hapa Ohio na majimbo jirani, naomba mlisome hili kabla msimu wa paa haujafunguliwa, na mumfikishie yeyote aliyenunua shotigani kuukuu karibuni.

Kuna muuzaji anazunguka na maonyesho ya bunduki ya wikiendi. Jina lake silitaji, ila meza yake utaijua: shotigani za zamani za mitutu miwili zimepangwa mbele, na nyuma yake madebe ya plastiki yaliyojaa risasi zisizo na maboksi, anaziuza kwa ratili. Bei yake ni ya chini kuliko duka lolote, na hiyo ndiyo inayowavuta watu wetu, hasa wageni wa uwindaji wa huku.

Shemeji yangu alinunua kwake bunduki ya Kiingereza ya mitutu sambamba, akaongeza na debe la risasi. Aliuliza vizuri kabisa kama risasi hizo zinaifaa bunduki ile. Akajibiwa kwamba zote ni geji 12, na ikishaingia inapigika. Jibu hilo ni uongo unaoweza kumtoa mtu vidole au macho.

Geji inaeleza upana wa mtutu tu. Urefu wa risasi ni habari nyingine, na katika geji 12 peke yake kuna za inchi 2½ (milimita 65), 2¾ (70), 3 (76) na 3½ (89). Hizi za 3½ zilikuja mwaka 1988. Marekani ilikuwa inaachana na marisau (punje) ya madini ya risasi kwa bata na mabata bukini na kuhamia ya chuma, na mwaka 1991 yakapigwa marufuku nchi nzima kwa ndege wa majini. Chuma ni chepesi, kinahitaji punje kubwa zaidi na nafasi zaidi ndani ya ganda, ndipo ganda likarefushwa. Kiwango cha juu cha mgandamizo kwa risasi za 2¾ na 3 ni psi 11,500 (ratili kwa kila inchi ya mraba). Kwa 3½ ni psi 14,000. Bunduki ya Kiingereza ya enzi za babu haikutengenezwa kwa lolote kati ya hayo.

Sasa tazameni mtego ulipo. Urefu ulioandikwa kwenye ganda ni wa ganda lililokwisha kupigwa, mdomo ukiwa umefunguka. Risasi ikiwa nzima, mdomo umekunjwa kwa ndani, mikunjo sita au minane, kwa hiyo ya milimita 70 unaishika mkononi ina kama 58 tu. Inaingia kwenye chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi) ya 65 bila kugusa kitu. Bunduki inafunga vizuri, hakuna kinachokwama, mtu anaridhika. Akifyatua, mikunjo inafunguka na mdomo wa ganda unajitandaza pale chemba inapobanana kuingia mtutuni. Kizibo na marisau vinalazimika kupita kwenye njia iliyozibwa nusu, na mgandamizo unapanda kwenye chuma ambacho huenda kina miaka mia moja. Ni vivyo hivyo kwa ya inchi 3 kwenye chemba ya 2¾.

Kwa hiyo kuchukua rula na kupima risasi nzima hakukusaidii. Debe lile tulilimwaga mezani. Risasi za ndege na za kipande kimoja cha kuwindia paa zilikuwa zote za 2¾ kwa maandishi, lakini zile za kipande kimoja zilionekana ndefu zaidi, kwa sababu mdomo wake umeviringishwa pembeni badala ya kukunjwa, na kuviringisha kunakula sehemu ndogo sana ya ganda. Asiyejua angesema ndefu ni magnamu (zenye nguvu zaidi) na fupi ndizo za bunduki ya zamani. Angekosea mara mbili. Idadi ya punje kubwa nayo haiamui: ya 2¾ huwa na punje tisa, lakini zipo za urefu huohuo zenye kumi na mbili. Soma maandishi ya ganda. Kama yamefutika, na mengi ya kwenye debe lile yalikuwa yamefutika, hiyo si risasi ya kupigwa tena.

Kilichonikasirisha zaidi kilikuwa chini kabisa ya debe: risasi za manjano. Rangi ya manjano kwa kawaida ni ya geji 20, na imewekwa makusudi ili isichanganywe. Geji 20 ikitumbukia kwenye bunduki ya geji 12 inapita chemba na kukwama mbele, mwanzoni mwa mtutu. Mwindaji anaona chemba tupu, anaweka ya 12 nyuma yake, anafyatua. Mtutu unapasuka palepale mkono wa kushoto unapoushikilia. Mtu anayeuza vitu hivi kwa mkupuo mmoja na kuwaambia watu vyote ni sawa, mimi simwiti mzembe. Anajua, amekaa kwenye biashara hii muda mrefu.

Bunduki nayo ilisema ukweli wake. Tuliifungua, tukavua mitutu, tukageuza sehemu bapa ya chini, pale inapogongwa mihuri ya Uingereza ya kuonyesha mitutu imejaribiwa. Kulikuwa na almasi ndogo yenye 12 juu na C chini, muhuri wa zamani wa chemba iliyo chini ya inchi 3. Alama yoyote ya kujaribiwa kwa baruti za kisasa (nitro) haikuwepo popote. Maana yake mitutu ile ilijaribiwa kwa baruti nyeusi tu, na haikupaswa kuuzwa pamoja na risasi yoyote ya kisasa, iwe fupi au ndefu.

Shemeji alirudi kwake siku ya pili ya maonyesho. Muuzaji akabadili maneno, akasema chemba zilishachongwa zikarefushwa hadi 2¾. Fundi bunduki alizipima kwa kipimo chake: 65 kulia, 65 kushoto. Na hata zingekuwa zimechongwa, kuchonga kunapunguza unene wa chuma mahali penye mgandamizo mkubwa. Uingereza bunduki kama hiyo hairuhusiwi kuuzwa mpaka ijaribiwe upya na kugongwa muhuri mpya. Marekani hakuna ofisi ya serikali inayofanya kazi hiyo, ndiyo maana watu wa aina hii wanapata nafasi. Pesa hakurudisha.

Kama umenunua bunduki au risasi kwenye meza ya namna hii, usifyatue hata moja kwanza. Tazama ubavu wa mtutu: shotigani za kisasa zimeandikwa geji na urefu wa chemba. Chemba ya 3 inakubali ya 2¾ na ya 3, haikubali 3½. Fupi kwenye chemba ndefu ni salama, ingawa zile fupi mno za 1¾ hukwama kwenye bunduki nyingi za kukoki au za kujikoki zenyewe. Kama bunduki ni ya zamani au haina maandishi, mpelekee fundi apime chemba na unene wa mitutu. Risasi zisizo na boksi wala maandishi usimpe rafiki wala usizitupe takatakani. Kituo cha polisi cha eneo lako kikuelekeze pa kuzipeleka, piga simu kwanza kabla ya kwenda nazo. Na kama una bunduki ya 12 na ya 20 nyumba moja, siku ya kuwinda toka na risasi za aina moja tu mfukoni, kisha chungulia mtutu kila mara kabla ya kujaza.

Aliyekutana na muuzaji huyu kwenye maonyesho mengine aandike hapa chini jimbo na mwezi, bila kutaja jina la mtu, ili wengine wajue anaelekea wapi.