Daktari wa Kirumba anayepima tumbo kwa vidole

Nilimpeleka mama zahanati moja jirani na Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Daktari, mzee aliyesomea Kyiv, Ukraine, hakukimbilia ultrasaundi. Alisugua viganja vikapata joto, akasema, “Mama, vuta pumzi, shusha taratibu.” Kila akishusha pumzi, vidole vilizama zaidi, vikiteleza juu ya utumbo. Akatueleza kwamba ni njia ya madaktari wa Kyiv, Vasily Obraztsov na mwanafunzi wake Nikolai Strazhesko, waliobainisha mwaka 1910 dalili za mshipa wa moyo kuziba kwa mgonjwa aliye hai. Strazhesko alilea mabingwa wa magonjwa ya ndani enzi za Usovieti, akafariki 1952. Inaniuma kwamba wengi hatumjui Strazhesko. Pale zahanati foleni ni ndefu, viti vichache, wahini asubuhi. Mnaouguza wazazi, nendeni.