Sahani ya Chelsea yenye Nanga Nyekundu: Itazame Hivi Kabla Hujalipa

Haya wadau, karibuni. Leo mezani ninayo sahani ya kauri ya kiwanda cha Chelsea, kile cha London, ya miaka ya 1750. Mwenyewe kaniazima kwa masharti, ndiyo maana mnaniona naishika kwa mikono miwili.

Tuanze na mchoro, maana ndio unaouza. Tawi moja limetambaa karibu sahani nzima, kila jani na mishipa yake, kisha kipepeo na wadudu wawili watatu pembeni. Ua limekaa upande, weupe mwingi umeachwa wazi. Mimi thamani naiona hapo, kwenye kile ambacho mchoraji hakukigusa. Sahani za namna hii huitwa za Hans Sloane, kwa jina la yule tabibu aliyeifadhili bustani ya mimea ya dawa ya hapohapo Chelsea.

Sasa sogeeni kwa huyu mdudu. Chini yake pana kitobo. Tanuri iliharibu, mchoraji akaficha. Ujanja huo ulikuwa wa kawaida, na mimi hapo simkati alama hata moja.

Nazima taa, naweka tochi nyuma. Mnaona vile vidoa vinavyopitisha mwanga zaidi? Ni hewa iliyonaswa ndani ya udongo. Wakusanyaji huviita miezi, kama mwezi wa angani. Geuza: alama tatu ndogo za vigingi vilivyoishikilia tanurini, na nanga nyekundu, alama ya kiwanda, isiyozidi punje ya mchele. Ukionyeshwa nanga kubwa ya kujigamba, hasa ya dhahabu, shtuka. Karne ya 19 waigaji, kiwanda cha Samson cha Paris kikiwemo, walizitoa kwa wingi.

Upande wa matumizi, jamani, hapana. Kauri yake ni laini, kisu kinaacha mikwaruzo, na rangi zimepakwa juu ya ule utando unaong'aa, kwa hiyo zinachubuka. Nicholas Sprimont, aliyekiendesha kiwanda, alikuwa fundi wa vyombo vya fedha kutoka Liège. Umbo alilijua, udongo ukamsumbua.

Mpenzi wa chai atafute Worcester, kiwanda cha mwaka 1751. Wao walichanganya jiwe laini la sabuni kutoka Cornwall, birika zikahimili maji yanayochemka. Chelsea ni ya kabatini, na bei yake ni ya mnadani. Mfuko ukiwa mdogo, ulizia yenye ufa: bei hushuka sana, na ua linabaki lilelile.