Siki au Umeme: Kuondoa Kutu kwenye Jiliwa Kongwe

Anayenunua jiliwa la zamani (kifaa cha chuma chenye taya za kubania kitu kinachofanyiwa kazi), kwa mfano Record la Sheffield au Wilton la Chicago, hukuta mara nyingi kutu iliyofunika hata jina la kiwanda lililosubiwa ubavuni.

Siki ya kawaida, yenye asidi ya takribani asilimia 5, haihitaji kifaa chochote, nayo inafaa kwa kuloweka vipande vidogo kama boliti na mpini. Hata hivyo, asidi haitofautishi kutu na chuma kizima: kipande kikisahauliwa humo, meno membamba ya taya hulika, na hayo ndiyo yanayoshika kazi.

Kwa mwili mzito wa jiliwa, mimi nachagua umeme bila kusita. Jiliwa lililokwisha kufunguliwa hutumbukizwa katika maji yenye magadi, likaunganishwa na ncha hasi ya chaja ya betri ya volti 12, huku ncha chanya ikishika kipande cha chuma cha kawaida kisichogusana nalo. Kutu hulegea, rangi ya zamani nayo hubanduka, lakini chuma chenyewe hakiliwi. Upande unaotazamana na kile kipande husafika zaidi, kwa hiyo jiliwa hugeuzwageuzwa. Chuma kisichoshika kutu kisitumike kamwe hapo, kwa kuwa hutoa kromiamu yenye sumu. Na kwa vile haidrojeni inayofuka hulipuka, kazi ifanyike penye hewa, mbali na cheche.

Kwa njia zote mbili, chuma kikaushwe na kupakwa mafuta papo hapo.